Shukrani kwa dereva wa lori, njia ya Kongwa

Kaka, jina lako sikuuliza, na hilo linaniuma. Jumamosi ile gari lililombeba bibi yetu lilinasa kwenye mchanga wa korongo, tukiwa tumeshaiacha lami kuelekea kijijini. Ulisimamisha lori lako la magunia ya alizeti, ukafunga kamba, ukatuvuta. Pesa ukakataa. Kisha ukatufuata hadi makaburini na kushika koleo pamoja na vijana wetu, na ardhi ya kule wakati wa kiangazi si mchezo.

Nataka umjue uliyemsitiri. Alizaliwa Waingereza wakifyeka mapori ya Kongwa kwa ule mradi wa karanga ulioanza 1947. Mradi ulikufa, yeye alilima uwele na mtama mpaka magoti yalipomgomea. Mlenda aliuanika mwenyewe, akautwanga, akatufungia kila tulipoaga, hata ukimwambia mjini upo. Mfuko wa mwisho uko jikoni kwangu. Sijaufungua.

Asante, kaka. Mama anakutaja kila jioni akisali. Ukipita tena njia ile, ulizia nyumba yenye msiba wa bibi, uingie ule.