Mjomba, upande wa pili umenishinda

Shikamoo Mjomba,

Najua ukiona nimeandika habari za santuri yako ya Yes, ile bendi yako ya roki ya Uingereza, utanipigia simu hata hujafika katikati. Soma kwanza.

Mwezi huu nimeisikiliza Tales from Topographic Oceans mara tatu, kama ulivyoniagiza: simu mbali, bila kuruka kitu. Santuri mbili za mwaka 1973, nyimbo nne, kila wimbo umejaza upande mzima, jumla dakika 80 na ushei. Wewe husema hapo ndipo walipofika kileleni. Mimi naona kilele walishakipanda mwaka mmoja nyuma, kwa albamu yao ya Close to the Edge.

Na usiniambie vijana hatuna subira. Kwenye harusi zetu wimbo mmoja wa taarabu unakwenda robo saa na hakuna anayeguna, watu wanainuka kutunza tu. Ugomvi wangu ni hesabu. Jon Anderson, mwimbaji wao, alisoma tanbihi katika kitabu cha Yogananda, yule mwalimu wa yoga wa Kihindi, inayotaja maandiko ya Kihindu yaliyogawanyika mafungu manne. Mafungu manne, basi pande nne, na kila upande unabeba kama dakika 20, basi zijazwe! Upande wa kwanza una nyimbo ndani ya wimbo, unastahili nafasi yake. Wa pili umezaliwa na hesabu tu. Rick Wakeman anaitandaza ile melotroni, kinanda chake chenye sauti zilizorekodiwa kwenye kanda, kama shuka iliyotoka kufuliwa, inapendeza, lakini dakika ya kumi shuka imeshakauka na bado iko kambani. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba Manchester alikula kari jukwaani, wenzake wakiendelea kupiga. Mwaka 1974 akaondoka. Mpiga kinanda wa bendi, Mjomba, si mimi.

Sasa upande wa tatu. Hapo nilikuwa nimeshakunja uso. Ngoma, vyuma, gitaa la Steve Howe linapiga kelele kama bati linaburutwa sakafuni, zaidi ya dakika kumi. Halafu kelele zote zinakatika. Linabaki gitaa la nyuzi laini, peke yake, na Anderson anaingia kwa sauti ya chini. Chai yangu ilipoa mkononi.

Kesho yake nikafanya hila. Nikaweka sindano palepale, bila zile kelele. Likawa gitaa zuri, basi. Kama mvua ya kwenye redio.

Nikarudi mwanzo wa upande, nikavumilia bati lote, na kitu kile kikanirudia. Kwa hiyo hapo umenishinda, nakubali, wala usiitangaze kwa shangazi.

Upande wa pili sikuachii. Ungekuwa dakika nane ningekuwa nauimba bafuni.

Santuri nitakuletea Idi. Na ule mkwaruzo wa upande wa nne niliukuta.

Mpwa wako