Mwaka Usiopimwa Haurudi: Barua ya Wazi kwa Wabunge na Wawakilishi wa Wadi wa Mombasa

Waheshimiwa wanangu,

Assalaam aleikum, na salamu ziwafikie pia wale kati yenu ambao hatusali pamoja. Nimeamua kuwaandikia hadharani badala ya kubisha mlango wa mmoja wenu, kwa sababu ninalolileta si haja yangu wala ya mtaa wangu. Kila msimu wa bajeti ukifika, fungu la utafiti huwa jepesi kukatwa kuliko mengine, kwa kuwa hakuna anayeandamana kwa ajili yake. Basi mimi, ambaye sikufika chuo, ninasimama kulitetea.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandika samaki. Ngalawa na mashua zilipoingia asubuhi, nilipima tafi, changu, nguru na jodari, kisha nikaandika uzito, aina ya mtego au wavu, na mahali walikovuliwa. Mwaka mmoja malipo yetu yakakatika. Ofisi iliyokuwa ikitulipa ilituahidi kwamba fedha zingerudi baada ya miezi mitatu, lakini ilipita misimu miwili ya upepo wa kusi bila fedha kurudi, na daftari likafungwa. Baadaye ukazuka ugomvi mkubwa kati ya wavuvi wa madema, ile mitego ya kusuka, na wenye nyavu za kuzungushia, kila upande ukiapa kwamba wenzao ndio waliomaliza samaki, na shauri lilipofika mbele ya wakubwa tuliambiwa tulete madaftari. Miaka iliyotakiwa ndiyo ile iliyokuwa mitupu. Mizani mpya ilinunuliwa upesi sana baada ya aibu ile, lakini hakuna mizani ya kumpima samaki aliyekwisha kuliwa, na shauri lile liliamuliwa kwa wingi wa sauti tu.

Ndiyo maana nawaomba msiuweke utafiti kapu moja na matumizi mengine yanayoweza kuahirishwa. Barabara iliyokosa fedha mwaka huu itajengwa mwaka ujao, ijapokuwa kwa gharama kubwa zaidi. Kipimo kisichochukuliwa mwaka huu hakichukuliwi tena.

Tazameni bahari yenyewe. Pale Liwatoni kiko chombo kinachopima kupanda na kushuka kwa maji tangu mwaka 1986, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo makao yake makuu yapo hapa hapa Mkomani. Sisi wa Pwani hatufundishwi bamvua na maji mafu. Tunajua kwamba maji ya bamvua, yale yajaayo na kupwa kupita siku nyingine, hapa kwetu yanaweza kupanda karibu mita 4 kutoka yalipokupwa. Hata hivyo, jicho la nahodha, hata awe hodari namna gani, haliwezi kuiona bahari inayopanda milimita chache kwa mwaka, na milimita hizo zikikusanyika ndizo zinazoamua gati na kuta zetu zijengwe kwa kimo gani. Juzi juzi tumeona ukuta ukijengwa chini ya Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, kwa sababu mawimbi yalikuwa yanakula msingi. Hautakuwa ukuta wa mwisho katika kisiwa hiki. Siku mhandisi atakapouliza maji yamepanda kiasi gani tangu tulipokuwa vijana, jibu atalipata kwa mtu aliyelipwa mshahara mdogo, mwezi baada ya mwezi, akitunze chombo kile wakati hakuna aliyekuwa na haja nacho.

Au nendeni Gazi, upande wa Kwale. Wanasayansi wa taasisi hiyo hiyo walitumia miaka mingi wakipanda mikoko, wakipima unene wa mashina na kuchimba tope ili wajue ni kaboni kiasi gani imezikwa humo. Aliyewaona wakati ule, wamezama matopeni na kamba za kupimia mikononi, alikuwa na haki ya kuuliza kazi ile inamlisha nani. Mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja ukaanza, na wanakijiji wakapata kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko ile, yaani kulipwa kwa kuilinda ili kaboni hiyo isirudi hewani, mapato yakaingia katika maji na shule za Gazi na Makongeni. Mnunuzi wa ng'ambo hakuchukua hata mti mmoja. Alichonunua ni vipimo. Kama vipimo vile visingekuwapo, mikoko ingekuwa imesimama pale pale, na kijiji kisingekuwa na cha kuuza ila boriti.

Ninajua mtakachonijibu, nami sikidharau: wadi zinataka maji, basari na dawa, na mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa hawezi kuambiwa asubiri utafiti. Lakini chanjo ya kwanza ya malaria, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwezi Oktoba 2021, ilianza kutengenezwa mwaka 1987, na majaribio yake makubwa yalifanyika pia Kilifi, kwa jirani zetu, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya imekuwa na kituo na washirika wake tangu 1989. Ni miaka 34 kutoka maabara hadi kupendekezwa. Hakuna kipindi cha bunge chenye urefu huo, na ndiyo sababu kazi hii inahitaji watu wa kuilinda ambao hawatakuwapo kuupokea ushindi wake.

Mtasema pia kwamba wafadhili wapo. Ni kweli, na tuwashukuru: kituo cha Kilifi kimebebwa kwa sehemu kubwa na mfuko wa Wellcome wa Uingereza, na meli ya utafiti iitwayo Mtafiti tulipewa na Ubelgiji. Lakini mgeni akigharimia, swali la kwanza huwa ni lake, na akiondoka huondoka bila kutuaga. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje, na katika wiki chache tu kazi nyingi za afya na utafiti barani Afrika zikasimama zikiwa katikati. Sheria yetu wenyewe ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inasema Hazina iutengee mfuko wa taifa wa utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hatujawahi kufika huko. Wabunge, hilo ni deni lenu, na sheria hiyo ilitungwa ndani ya Bunge hilo hilo mnalokaa.

Nanyi mkitoa fedha, msiogope kudai. Watafiti wetu wana kosa lao, nalo ni kubwa: wametupima sisi na bahari yetu, kisha majibu wakayapeleka mbali, kwa lugha ambayo mvuvi wa Likoni haisomi. Wekeni sharti kwamba kila kazi inayolipwa na umma irudi kwa umma kwa Kiswahili, ielezwe barazani na bandarini, na anayeuliza ajibiwe.

Ombi langu kwenu, Juni ikifika, ni dogo. Msiulize kwanza ni majengo mangapi mapya. Ulizeni kama mishahara ya wanaopima ipo kwa miezi yote 12, na nyinyi wa kaunti waajirini waandishi wa samaki kama mnavyowaajiri makarani wengine, si kwa mradi unaokwisha. Kamati yoyote itakayoniita, nitakuja na madaftari yangu, yale yaliyojaa pamoja na lile lenye kurasa tupu.

Ni mimi mzee wenu,
Mwandishi wa samaki mstaafu,
Mombasa