Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Masomo Yasikatike Magonjwa Yanapolipuka

Ndugu wanachama,

Poleni na kazi, hasa mnaosahihisha mitihani wakati huu.

Mwaka huu ulianza kwa mashaka katika ukanda wetu. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa virusi vya Marburg vimethibitika Biharamulo, mkoani Kagera. Siku kumi baadaye Uganda ikatangaza Ebola jijini Kampala, baada ya muuguzi wa Hospitali ya Mulago kufariki. Machi wakathibitika wagonjwa wa mpox, yaani homa ya nyani, hapa Tanzania. Safari hii haikutolewa amri ya kufunga vyuo nchi nzima kama ya Machi 2020 wakati wa korona, nasi tunashukuru. Lakini kamati tendaji iliona kuna jambo tumelipa kisogo kwa miaka mingi: mwanafunzi mmoja anayezuiliwa nyumbani huku darasa lake likiendelea.

Aliyegusana na mgonjwa wa Marburg au Ebola hufuatiliwa kwa siku 21. Mwenye mpox hujitenga mpaka magamba ya vidonda yadondoke na ngozi mpya iote, kwa kawaida wiki mbili hadi nne. Mnajua wenyewe wiki tatu ni nini katika muhula. Jaribio la kwanza limepita, kazi ya kikundi imekusanywa bila jina lake, na seminari amehesabiwa mtoro. Mwanafunzi naye anajua. Mhudumu wa afya akimuuliza kama alihudhuria msiba fulani, kabla hajajibu anapiga hesabu ya koswaki, yaani alama za kazi na majaribio ya muhula. Akihofia kurudia mwaka na kukosa boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, atasema hakwenda, kisha atapanda basi kurudi bweni lenye vitanda vya ghorofa. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kufundisha mtandaoni wakati wa mlipuko: mwanafunzi akiwa na uhakika kwamba masomo hayatampita, atasema kweli, na kweli hiyo huokoa maisha ya wenzake.

Kwa hiyo kazi yetu kubwa ya mwaka imekuwa kuandaa vifurushi vya dharura. Kila mwanachama aliyejiunga na mpango huu alichagua kozi moja na kuiwekea masomo ya wiki tatu kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni wa chuo chake, yakiwa tayari kabla ya ugonjwa wowote kutokea. Mwaka 2020 mifumo hii ilikuwepo katika vyuo vingi, ila ndani hamkuwa na kitu cha kusoma. Vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni tulirundika vipindi hadi jioni ili kufidia. Wenzetu wa Chuo Kikuu Huria, ambao wamefundisha wanafunzi walio mbali tangu 1994, walikuwa na pa kuanzia. Tumejifunza kwao mengi, nao wametupokea vizuri.

Katika mafunzo tulibishana sana kuhusu video. Baadhi yenu mlitaka mihadhara ya moja kwa moja, na naelewa kwa nini: mwalimu hupenda kuona nyuso. Msimamo wa kamati ni kwamba kifurushi kitengenezwe kwa ajili ya simu dhaifu kuliko zote darasani. Saa moja ya video inaweza kumaliza bando la wiki la mwanafunzi. Sauti ya dakika 20, ikirekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, haifiki MB 5, tena huipakua mara moja usiku mtandao ukiwa mwepesi na kuisikiliza atakavyo. Mwanachama mmoja wa hisabati ametuonyesha njia iliyonifurahisha. Anakokotoa kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi isiyo na mistari, anapiga picha kila baada ya hatua, kisha anarekodi sauti fupi kwa kila picha: hapa nimetoa kigawo cha pamoja, hapa wengi hukosea alama. Yote yanapita hata WhatsApp, kwa kiongozi wa darasa, bila kompyuta.

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea mhadhara wa moja kwa moja. Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchini kwa siku kadhaa. Aliyekuwa amepakua somo lake aliendelea kusoma.

Kuhusu gharama, Uganda ilitutangulia. Mtandao wao wa elimu na utafiti, RENU, ulipatana na kampuni za simu ili mwanafunzi afungue mfumo wa chuo bila kukatwa bando. Tumeandika maombi ya namna hiyo hapa kwetu na tutaendelea kuyafuatilia.

Mahesabu ya fedha atayasoma mweka hazina.

Linalobaki gumu ni maabara na mazoezi ya wodini. Sitaki tujidanganye: mwanafunzi wa uuguzi hajifunzi kutundika dripu kwa kusikiliza sauti kwenye simu. Kinachowezekana ni kumpa matokeo halisi ya jaribio ayachambue akiwa nyumbani, kisha akirudi apangiwe zamu ya vitendo katika kikundi kidogo. Walimu wa kemia wameanza hivyo. Wa tiba wanasema haitoshi, na nadhani wana haki.

Rasimu ya utaratibu wa mwanafunzi aliyetengwa iko mbele yenu. Inataka barua ya mganga imtoshe kupewa jaribio mbadala, asihesabiwe mtoro, na ugonjwa wake usitajwe darasani wala kwenye kundi la WhatsApp. Ibara ya vitendo tumeiacha wazi. Naomba walimu wa maabara na wa wodini wakutane leo mchana, waijaze, ili tupige kura kabla ya kufunga mkutano.

Mwenyekiti