Barua kwa mwanangu: funga daftari kwanza

Mwanangu mpendwa,

Nataka kukuonyesha namna ya kusoma ili ukumbuke. Soma namba hizi mara moja, kisha fumba macho uzitaje: 196119631964. Ukizibeba kama tarakimu 12 zitakuponyoka, maana akili hufanyia kazi kwenye kimeza kidogo: vitu vipya visivyohusiana vikizidi vinne hivi, vingine vinadondoka. Sasa zikate. 1961 Uhuru wa Tanganyika, 1963 Uhuru wa Kenya, 1964 Mapinduzi ya Zanzibar. Namba ni zilezile, ila sasa ni mafungu matatu, na kilichoyafunga ni historia uliyokwisha kuijua.

Tena vya mezani havikai. Mwaka 1959, wanasaikolojia Lloyd na Margaret Peterson waliwapa watu herufi tatu tu, wakawahesabisha kurudi nyuma kwa kutoa tatu tatu. Baada ya sekunde 18, wengi hawakuzikumbuka. Simu inayolia katikati ya hesabu inakufanyia hivyohivyo. Iache chumba kingine; kuigeuza kifudifudi hakutoshi.

Linalowaponza wengi ni kurudia kusoma. Mara ya pili macho yanateleza, na ule wepesi unaudhani ni kujua. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilipima hili mwaka 2006, Marekani. Wanafunzi waliosoma habari mara mbili walikumbuka asilimia 81 baada ya dakika tano. Waliosoma mara moja kisha wakaiandika kwa kukumbuka, 75. Baada ya wiki mambo yaligeuka: 42 kwa 56. Kwa hiyo usiuamini uhodari wa usiku uleule. (Na kupaka rangi kila mstari ni kupamba daftari tu.)

Fanya hivi. Soma kurasa mbili au tatu, funga daftari, chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka. Ukikwama, usichungulie upesi. Jikamue kama dakika moja hivi, kwa sababu kule kutafuta ndiko kunakokaza kumbukumbu. Kisha fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho, baada ya siku tatu, na baada ya wiki, kila mara kwa karatasi tupu. Na ulale: ubongo huendelea kuyapanga ya mchana ukiwa usingizini, anayekesha anaukatiza.

Anza na mfumo wa mmeng'enyo. Uchore kutoka mdomoni hadi mwisho, uandike kila kiungo kinatoa nini, ndipo ufungue kitabu.

Mama yako