Mstari kwenye Sahani Yako ya Buluu Si Ufa

Mteja alinunua kwetu sahani kuukuu ya kiwanda cha Spode, ile ya buluu yenye tukio la kuuawa dubu huko India. Siku ya pili akataka fedha zake. Ukingoni ameona mstari: mnyama kakatika kiuno, mti wa jirani umebaki nusu. Akaamini imepasuka na sisi tumemficha.

Haijapasuka, na mstari ule ndio tunaoupenda kuliko kitu kingine kwenye sahani hiyo.

Sahani za mfululizo huu, Indian Sporting, zilianza kutengenezwa Stoke-on-Trent, Uingereza, mnamo 1815 hivi. Picha zake zinatokana na michoro ya Samuel Howitt katika kitabu cha uwindaji cha Thomas Williamson, aliyekuwa mwanajeshi Bengal. Hazikupakwa kwa brashi. Fundi alichonga picha kwenye bamba la shaba, bamba likapashwa moto, likajazwa rangi ya kobalti yenye mafuta, kisha karatasi nyembamba ikagandamizwa juu yake. Karatasi hiyo ingali na rangi mbichi, ilikatwa kwa mkasi: ya katikati mbali, ya ukingo mbali. Wanawake wa kiwandani wakailaza juu ya sahani iliyokwisha kuchomwa mara moja, wakaisugua kwa nguvu hadi udongo uinywe rangi, halafu wakaiosha karatasi itoke. Glezi, yaani tabaka linalong'aa kama kioo juu ya sahani, ilikuja baadaye.

Sasa zungusha vipande vya karatasi kwenye ukingo wa duara. Lazima ncha zikutane mahali, na mara nyingi hazilingani. Hapo ndipo mnyama wako alipokatika.

Ukitaka uhakika, pitisha ukucha. Kiungio kiko chini ya glezi, kwa hiyo ukucha utateleza. Kwenye ufa mara nyingi hukwama. Kisha iegemeze sahani kwenye ncha za vidole na uigonge taratibu: nzima hulia, yenye ufa hutoa mlio mfu.

Tafadhali, ukiona madoa ya kahawia usiiloweke kwenye jiki. Jiki hupenya kwenye vinyufa vya glezi, na chumvi yake ikikauka humo huibandua glezi vipande vipande. Tumeletewa sahani za namna hiyo, na hatuna la kuzifanyia.

Ukiwa bado na shaka, tutumie picha mbili, ya mbele na ya nyuma, zilizopigwa karibu na dirisha. Kuangalia hatutozi.