Kwa Hamisi, kuhusu Salim na Kipruto

Eldoret

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa mzee. Huku mahindi yamekauka shambani na mvua bado haitaki kutupisha tuvune. Mengine ni salama.

Leo nimeshika kalamu kwa sababu ya Salim na Kipruto. Tangu harusi ya Zuhura hawasemeshani, na chanzo ni Palestina. Salim alisema Wayahudi ni wageni waliopora nchi ya watu. Kipruto akajibu kwamba Waarabu wana nchi tele, waende huko. Pilau ikaachwa inapoa, nawe unajua Salim haachi pilau.

Kinachoniuma ni kuwa katika makelele yote yale hakuna aliyemtaja Mwingereza. Mwaka 1915 McMahon, mwakilishi wake kule Misri, alimwandikia Sharifu Hussein wa Makka akiahidi uhuru wa Waarabu wakiasi dhidi ya Waturuki. Kama Palestina ilikuwamo, mpaka leo watu wanabishana. Novemba 1917 Balfour, waziri wake wa mambo ya nje, akamwandikia Lord Rothschild, mkubwa wa Wayahudi wa Uingereza, akiwaahidi Wayahudi makao ya kitaifa Palestina. Waarabu, ambao walikuwa wengi mno nchini humo, hawakutajwa hata kwa jina. Waliitwa jumuiya zisizo za Kiyahudi.

Kipruto angepaswa kulijua hilo kuliko sote. Uwanda huu huu wa Uasin Gishu, Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alitaka kuwapa Wazayuni, Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, mwaka 1903! Tume yao ilikuja kuukagua, na mwaka 1905 wakaukataa. Wanandi na Wamasai waliulizwa na nani?

Ningepata nafasi ningewapeleka wote wawili bandari ya Haifa. Julai 1947 meli ya Exodus iliingizwa pale chini ya ulinzi wa manowari za Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Palestina wakati ule, imebeba Wayahudi zaidi ya 4,500, wengi wao manusura wa mauaji ya Hitler. Wakateremshwa, wakapakiwa kwenye meli nyingine tatu na kurudishwa Ulaya. Mwishowe walishushwa Hamburg. Ujerumani, Hamisi! Miaka miwili tu baada ya vita! Mtu aliyepitia hayo utamwambiaje kwamba hahitaji nchi ya kumpokea?

Sasa hesabu miezi tisa. Aprili 1948 bandari ile ile ilijaa Waarabu wa Haifa. Haganah, jeshi la Wayahudi, walikuwa wameuteka mji, makombora yameangukia sokoni, na familia zinasukumana kuingia mashua za kwenda Akka na Lebanoni. Meya wa mji, Shabtai Levy, Myahudi, aliwasihi wabaki, lakini hofu ilikwisha kuwaingia. Kufikia 1949 Wapalestina kama 700,000 walikuwa wakimbizi, na Israeli ikawafungia mlango wa kurudi. Salim akiita hiyo dhuluma, mimi nasimama naye. Haja ya Wayahudi ilikuwa ya kweli, ila gharama yake alitwishwa mtu ambaye hakumchoma yeyote kule Ulaya.

Kipruto atakwambia Umoja wa Mataifa ulipiga kura Novemba 1947, 33 kwa 13, na Waarabu ndio waliokataa kugawana. Ni kweli walikataa. Lakini Wayahudi walikuwa kama theluthi moja ya watu, nao wakatengewa zaidi ya nusu ya nchi. Wewe ungetia sahihi? Na wale Wayahudi wa Baghdad waliohama 1950 na 1951, wakaacha maduka na nyumba zao, nao... basi, hilo tuliache mpaka tuonane.

Nakuomba umwendee Salim. Mimi nitakwenda kwa Kipruto Jumapili baada ya kanisa. Usimwambie nimekutuma, atanuna zaidi. Mwambie habari za Haifa, zote mbili, usimruhusu akukatize kabla hujazimaliza.

Je, bado anafungua duka asubuhi, au sasa yuko shambani Kilifi? Zuhura amejua kilichotokea? Mzee wake alisemaje? Na wewe mwenyewe, mbona siku ile ulinyamaza kimya? Ulikuwa upande wa nani? Mguu wa mama umepona? Nijibu kabla ya Jumapili ukiweza.

Ndugu yako,
Barasa