Huyo dada si Mhindi, na mlimpa mistari miwili tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Wiki iliyopita ukurasa wenu wa filamu uliandika kuhusu wanawake wanaoongoza sinema za Kihindi halafu mkamtupia humo humo Rubaiyat Hossain, mistari miwili, basi. Jamani huyo dada si Mhindi, ni Mbengali wa Dhaka, kwao Bangladesh, nchi yao na lugha yao, na sinema zake hazina mtu anacheza mvuani wala kuimba kwenye mlima. Mimi nauza fulana za mtumba Karume, sio msomi wa filamu, lakini kwa huyu nina neno.

Kabla ya mtumba nilikaa miaka minne kwenye kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar, sikitaji jina. Laini yetu ilikuwa ya fulana, mimi kazi yangu mikono, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, asubuhi mpaka jioni, tageti ikipanda hakuna anayekuuliza umekunywa hata maji. Aprili 2013 lile ghorofa la Rana Plaza kule Savar lilipoanguka likaua watu zaidi ya 1,100 sisi tuliliona kwenye TV ya kantini. Walikuwa wameona nyufa ukutani jana yake na bado wakaambiwa warudi kwenye mashine. Supavaiza wetu akaizima TV, akasema muda wa kula umeisha.

Sasa mwaka jana mtoto wa dada yangu akaniletea kwenye flashi sinema ya huyo dada, Made in Bangladesh ya 2019, nikaiangalia kwenye laptopu yake huku ananisomea yale maandishi ya chini. Nilicheka mwenyewe kuona jina, maana hayo maneno nayasoma kila siku kwenye lebo shingoni mwa fulana ninazouza. Ni habari ya binti anaitwa Shimu, alitoroka kijijini wasimwozeshe akiwa mdogo, yuko Dhaka anashona, kiwanda kinashika moto mwenzake anafariki, ndio anaanza kukusanya sahihi za wenzake wafungue chama cha wafanyakazi. Watu wa haki za wafanyakazi wanampa simu apige picha mle ndani. Shimu na simu, nasema hata Mungu ana utani. Halafu kuna pale anapigiwa hesabu kwamba mshahara wake wa mwezi mzima ni bei ya fulana mbili tatu tu huko zinakoenda kuuzwa, yani ile sura yake pale, mimi niliisimamisha sinema nikaenda nje kidogo.

Alivyozungushwa ofisi ya serikali kutafuta cheti cha hicho chama sielezi, rudi kesho, bosi hayupo, faili liko juu, nyie wote mnazijua hizo. Mwisho sisemi mkaangalie.

Pale kijiweni nilipowasimulia, kijana mmoja akasema aah huyo si mtoto wa wenye nazo, kasoma Marekani, atajua nini shida za mshonaji. Na ni kweli kasoma, Smith College masomo ya wanawake, kisha Pennsylvania, wala sikatai kwamba swali lake ni la maana. Ila naona yeye mwenyewe alishajiuliza kabla yetu. Sinema yake Under Construction ya 2015 ni ya mama mmoja wa maigizo, Roya, anakaa kwenye fleti nzuri na dada wa kazi yupo, halafu huyo dada wa kazi anashika mimba anaondoka kwenda kushona kiwandani, na Roya anabaki anashangaa huyu niliyekaa naye nyumba moja nilikuwa namjua kweli? Mtu asiyejua umbali wake na maskini hawezi kutunga hiyo. Na hii ya Shimu hakuitoa kichwani tu, alikaa na binti wa kweli aliyekuwa kiongozi wa chama kiwandani.

Na amelipia huyu Rubaiyat. Sinema yake ya kwanza ndefu, Meherjaan, Januari 2011, yumo mpaka Jaya, mke wa Amitabh. Mapenzi ya msichana wa Kibengali na askari wa upande wa Pakistan wakati wa vita ya 1971, Bangladesh ilipojitenga na Pakistan. Watu kwao walichukia sana, vita ile ina vidonda, wanawake wengi mno walibakwa, na yeye utafiti wake chuoni ulikuwa wa hao hao wanawake kwa hiyo sio kwamba alikuwa hajui anagusa nini. Baada ya kama wiki hivi ikaondolewa kwenye majumba ya sinema. Mimi binafsi sijui kama ningekuwa nimefiwa kwenye vita ile ningeivumilia. Lakini wengi wangeishia hapo, wakarudi kwenye matangazo ya sabuni.

Kampuni yake inaitwa Khona Talkies. Khona ni mwanamke wa hadithi za zamani za Wabengali, alikuwa anatabiri mvua na mavuno kuliko wanaume wa ukweni kwake, wakamkata ulimi. Kampuni ya sinema ukaipa jina hilo! Ndio vitu nilitaka nivisome gazetini kwenu badala ya kutafutiwa na mtoto.

Hiyo ya Shimu pesa zake nyingine zilitoka Ufaransa, Denmark na Ureno, mpiga kamera ni mwanamke, Sabine Lancelin, ikaonyeshwa Toronto, ikazunguka Ulaya, na Bangladesh kwenyewe imeingia kwenye kumbi Machi 2022 kwa jina la Shimu. Kama miaka miwili na nusu wenye habari yao wanasubiri.

Ombi langu, mwandishi wenu aiandike vizuri, ukurasa mzima, na hawa vijana wanaotafsiri movi za vibanda umiza mmoja wao aitie Kiswahili tuwaonyeshe wasichana waliobaki kwenye laini. Flashi ninayo. Aje Karume asubuhi kabla sijafungua belo, baada ya hapo sina muda wa kuongea na mtu.

Muuza fulana,
Karume, Ilala